Betio, wiki ya maji mafu

Alhamisi, Nadi

Ndege ya Tarawa, atoli (duara la visiwa vya tumbawe) ya nchi ya Kiribati katika Pasifiki, ni kesho, kwa hiyo leo ni siku ya kulala na kukanda miguu iliyovimba. Kutoka Dar es Salaam hadi Fiji ni ndege juu ya ndege, na kila ukishuka unakuta saa imekukimbia tena. Tarawa iko saa tisa mbele yetu. Wao wakiwa wanaitazama magharibi inaingia, nyumbani ndiyo kwanza saa tatu asubuhi, watu wanakunywa chai.

Sababu ya safari ni serahangi wangu wa zamani, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha. Nimepika miaka mingi kwenye meli za makontena za Wajerumani, na mabaharia wa Kiribati walikuwa wamejaa humo, kwa sababu kisiwani Betio kuna chuo cha mabaharia kilichofunguliwa mwaka 1967 na kampuni za Ujerumani zilikuwa zikichota vijana wake. Serahangi ni zao la chuo hicho. Zamu za usiku alikuwa akija jikoni kutafuta kahawa, na akianza habari za kwao huwezi kumtoa. Usiku mmoja akanisimulia vita ya Betio ya Novemba 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili: askari wa Marine wa Marekani, wale wanaoshambulia nchi kavu kutoka baharini, waliokwama juu ya mwamba, wakateremka kwenye boti na kutembea majini mbele ya bunduki za rashasha, kwa sababu bahari haikujaa.

Nikamwuliza mwezi ulikuwa wa ngapi. Akacheka, akadhani namtania.

Mimi ni mtoto wa Pangani, na hilo ndilo swali la kwanza linalomjia mtu wa kwetu. Nilikuja kupiga hesabu mwenyewe: tarehe 20 Novemba 1943 ilikuwa Mfunguo Pili, mwezi una siku ishirini na mbili hivi. Muulize mvuvi yeyote kuanzia Lamu hadi Mtwara maji ya siku kama hiyo yakoje, atakujibu bila kuinua macho kwenye wavu wake. Maji mafu. Hayatoki sana, hayaji sana. Ndiyo maana safari hii nimeipanga iangukie mwezi wa nusu. Nataka kuyaona hayo maji kwa macho yangu.

Ijumaa, Bonriki hadi Betio

Kutoka angani Tarawa ni uzi wa mchanga uliotupwa baharini, upande mmoja bahari kuu ya buluu iliyokolea, upande wa pili maji ya ndani ya kijani. Hakuna kilima. Hakuna mto. Serahangi alinipokea uwanja wa ndege wa Bonriki na shada la maua, akanivika kichwani mbele za watu, mzee mzima mimi.

Barabara ni moja tu, na mabasi madogo yanayopiga muziki mpaka vioo vinatetema. Ukitaka kushuka unapaza sauti, "Ikai!" Tulipita Bikenibeu, tukapita Bairiki, kisha tukaingia kwenye tuta refu linaloiunganisha Bairiki na Betio. Linaitwa Nippon Causeway, na ndivyo lilivyo: limejengwa kwa fedha za Japani. Nilimtazama serahangi. Akainua mabega. "Wamarekani walitupa nini, Mpishi? Vyuma." Ni utani wake, lakini si utani wote.

Betio, wenyewe wanatamka Besho, ina urefu wa kilomita tatu na ushee, na pale palipo papana zaidi haifiki kilomita moja. Unaweza kuimaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali. Leo imejaa nyumba ukuta kwa ukuta, matenki ya maji ya mvua, nguruwe, maduka, bandari, watoto wengi mno. Mwaka 1943 ilikuwa minazi na kiwanja cha ndege, na kiwanja hicho ndicho kilicholeta mauti.

Nitalieleza kwa ufupi. Visiwa hivi vilikuwa koloni la Waingereza, vikiitwa Gilbert. Wajapani walivichukua, na baada ya Wamarekani kuvamia atoli jirani ya Makin mwezi Agosti 1942 wakaamua kuigeuza Betio kuwa ngome. Walijenga mahandaki ya magogo ya minazi yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, yakafunikwa zege na mchanga. Wakaleta mizinga, wakazungusha seng'enge na vizuizi vya zege baharini. Wenyeji wa Betio walihamishiwa visiwa vingine vya atoli hiyohiyo. Walinzi walikuwa kiasi cha 4,800 chini ya Admirali Keiji Shibazaki, ambaye inasemwa alijigamba kwamba watu milioni moja wasingeweza kuitwaa Tarawa kwa miaka mia. Lakini katika idadi hiyo wapo vibarua kiasi cha 1,200 waliotolewa Korea, ambao hawakuulizwa kama wanataka kuja.

Wamarekani nao walikuwa wanatafuta njia ya kwenda Visiwa vya Marshall, kisha Mariana, kisha Japani yenyewe. Betio ilikuwa njiani. Kazi wakapewa Divisheni ya Pili ya Marine, vijana waliokuwa wamepumzika na kufanya mazoezi New Zealand baada ya vita ya Guadalcanal. Wengine walikuwa wameshaacha wachumba Wellington.

Jumamosi, juu ya mwamba

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Ufuo wa kaskazini, ule unaotazama maji ya ndani, Wamarekani waliugawa vipande vitatu wakaviita Red 1, Red 2 na Red 3. Katikati palikuwa na gati refu la mbao, kiasi cha mita 450, lililotoka ufuoni hadi ukingo wa mwamba. Serahangi alikuwa ameazima ngalawa, hizi zao za tengo la upande mmoja, na tulisubiri maji yajae. Nasisitiza yajae. Mtu anaweza kudhani nilitaka kupita wakati wa kupwa. La. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likitoka, mwamba huu unakauka na akina mama wanatembea juu yake wakiokota kombe. Mimi nilitaka kilele cha maji ya wiki hii, yale ambayo kwa watu wasioijua bahari yangeitwa maji yamejaa.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa ukingoni mwa mwamba. Nikavaa viatu (serahangi alinionya kuhusu vyuma, na kuhusu maji yenyewe, ambayo siku hizi yanapokea kila kitu kutoka mjini: "Ukianguka, funga mdomo"), nikateremka.

Maji yalinifika kiunoni. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamejaa.

Zile boti za kuteremshia askari, za Higgins, zilihitaji futi tatu na nusu hadi nne ili zielee zikiwa zimepakia. Waliopanga vita walitarajia futi tano juu ya mwamba. Meja Frank Holland, aliyeishi visiwa hivi miaka 15, aliwaambia waziwazi kwamba siku hiyo hawatapata zaidi ya futi tatu. Alikuwa anayajua maji haya kama serahangi anavyoyajua, kama mama yangu alivyoyajua ya Pangani. Wengine waliompinga walikuwa nahodha na mabaharia waliowahi kupita hapa, na walisema kina kitatosha.

Si haki kusema makamanda walimpuuza kabisa, na nimechoka kusoma simulizi zinazowafanya wajinga. Walijua kuna hatari. Kwa sababu hiyo waligombania magari ya minyororo yanayoweza kuelea majini na kupanda mwamba, yale waliyoyaita Alligator, hadi wakapata 125. Lakini 125 yalitosha mawimbi matatu ya kwanza tu. Waliofuata wangekuja na boti, na boti zingetegemea bahari. Wiki moja baadaye mwezi ungekuwa mwandamo na bamvua lingejaa mpaka mchangani. Ratiba ya vita ya Pasifiki haikuwa na wiki moja ya kusubiri. Hapo ndipo ninapokwama mimi, na nimekwama hapo tangu usiku ule jikoni: walikuwa wanajua, na waliamua kubahatisha.

Mwaka 1987 mwanafizikia wa Marekani, Donald Olson, alipiga hesabu ya mwezi wa siku ile akakuta jambo la zaidi. Haikuwa maji mafu peke yake. Mwezi ulikuwa pia umefika mbali kabisa na dunia katika mzunguko wake, na mambo hayo mawili yalipokutana bahari ilikaribia kusimama. Ilikaa hivyo zaidi ya siku nzima, haiji, haitoki.

Basi nikatembea. Chini ni tumbawe gumu, lenye mashimo. Hatua kumi maji ya mapaja, hatua mbili kifuani, kisha ghafla mguu haukuta kitu nikazama mpaka kidevuni. Serahangi, aliyekuwa akinifuata na ngalawa, alicheka kidogo kisha akanyamaza. Mashimo ya namna hiyo, mengine yalichimbwa na mabomu ya asubuhi ile. Askari aliyebeba bunduki, risasi, maji na mkoba uliolowa akiingia humo hatoki. Wengi walizama bila kuguswa na risasi.

Kinachokatisha tamaa ni kwamba ufuo hausogei. Unatembea, unatembea, unatazama mbele, nyumba zilezile, mti uleule. Sikubeba chochote wala hakuna aliyenipiga risasi, na bado nilipofika nusu nilikuwa nahema. Wao walikuwa na mita 500 na zaidi za kutembea, bunduki wameinua juu ya kichwa, na rashasha zikipiga kutoka mbele na kutoka pembeni. Mwenzako anaanguka, huruhusiwi kusimama kumwokota. Maji ya kiunoni hayakufichi, na hayakuachi ukimbie.

Meli za kivita zilikuwa zimepiga kisiwa asubuhi hiyo kwa mabomu ya kiasi cha tani 3,000, chini ya saa tatu. Kutoka baharini Betio ilionekana moshi na moto mtupu, na watu wakaamini hakuna kiumbe kilichobaki. Lakini mabomu ya meli yalikuja yamelala, mengine yakaruka juu ya kisiwa chenyewe kwa ubapa wake, na mchanga na magogo ya minazi ukayameza mengine. Halafu moshi ukawazuia wapiga mizinga kuona, wakasimama mapema, na Wajapani wakapata dakika za kutosha kurudi kwenye bunduki zao. Magari ya kwanza yaligusa Red 1 saa 3:10 asubuhi kwa hesabu yetu. Hayo yalifika. Waliofuata na boti ndio walioteremshiwa mlango ukingoni, mahali nilipoteremka mimi.

Ufuoni palikuwa na ukuta wa magogo ya minazi, urefu wa futi nne hivi. Nyuma ya ukuta huo ndipo waliofika walipojibanza siku nzima. Kanali David Shoup, kamanda wa nchi kavu, alifika akiwa ameshajeruhiwa mguuni, akaweka makao yake makuu ubavuni mwa handaki ambalo ndani yake Wajapani walikuwa bado hai. Hadi usiku walikuwa wameteremka watu 5,000, na 1,500 kati yao walikuwa wamekufa au wamejeruhiwa.

Na kesho yake ikarudiwa. Hili ndilo lisilosameheka kwangu. Batalioni moja ya Kikosi cha Nane ilikuwa imekaa kwenye boti kiasi cha saa 20 ikisubiri amri iliyopotea njiani, imechoka, imetapika, na alfajiri ya tarehe 21 ikaambiwa iteremke palepale Red 2, maji yakiwa yaleyale. Zaidi ya 300 waliuawa au kujeruhiwa. Kufika mchana bahari ikaanza kujaa, na boti zikapita juu ya mwamba.

Tuliporudi serahangi aliniosha mguu kwa maji safi ya tangi, maana nilikuwa nimekwaruzika pamoja na viatu. Alifanya hivyo kimyakimya, kisha akasema mjomba wake alinasa nyavu kwenye mabaki ya magari hayo maisha yake yote. Mawili matatu bado yako pale, kutu tupu, yanachomoza maji yakitoka.

Jumapili

Mji mzima kanisani, wanawake kwa blauzi zao za rangi za kung'aa. Mimi nikakaa nje chini ya mti wa shelisheli na mama mkwe wa serahangi, ambaye miguu haimruhusu tena kwenda. Baadaye wote wakaja maneaba, ukumbi wao wa mikutano usio na kuta, paa la majani ya mkadi limeteremka mpaka unaingia umeinama. Walichoma nguruwe. Mimi niliwekewa samaki, na serahangi akawatangazia wote kwamba mpishi huyu alimnyima nguruwe katika bahari zote za dunia.

Mama mkwe alizaliwa baada ya vita. Anachokumbuka ni cha mama yake: kwamba walirudi Betio wakakuta hakuna mnazi hata mmoja uliosimama na kichwa chake, na harufu iliyokaa muda mrefu. Hakuwa na zaidi ya hilo, na sikumdadisi.

Jumatatu, mizinga

Tulizunguka kisiwa. Kwenye ncha ya kusini magharibi ipo mizinga mikubwa ya inchi nane, midomo imeelekezwa baharini, watoto wamepanda juu yake wanachezea. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba Wajapani waliipora kwa Waingereza Singapore. Si kweli. Ilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Vickers na kuuzwa kwa Japani kihalali mwanzoni mwa karne iliyopita, enzi za vita yao na Urusi, walipokuwa marafiki. Wafanyabiashara wa silaha hawana dini.

Ufuo huu wa magharibi ndio uliookoa vita. Meja Michael Ryan, ambaye kombania yake ilisambaratishwa, alikusanya mabaki ya askari wa vikosi mbalimbali, watu waliokuwa wamempoteza kila kamanda, akasafisha upande huu wote tarehe 21 huku akisaidiwa na vifaru viwili na mizinga ya meli. Jioni ile kwa mara ya kwanza batalioni nzima iliingia Betio na boti za mpira bila kuchinjwa majini. Nimeona mawe ya kumbukumbu ya watu kadhaa kisiwani, lakini Ryan naona hatajwi inavyostahili.

Kisha handaki la Shibazaki, ghorofa mbili za zege, bado limesimama katikati ya nyumba za watu. Kuta zimetobolewa na mabomu, nondo zinaning'inia. Ndani kunanuka mkojo na kuna maandishi ya vijana. Admirali mwenyewe hakufia ndani. Inaaminika mchana wa siku ya kwanza aliamua kuliacha handaki litumike kwa majeruhi, akatoka na maofisa wake, na bomu la meli likawakuta wazi. Kama angeishi usiku ule na kuamuru mashambulizi, wale waliobanwa nyuma ya ukuta wa magogo sijui wangekuwa wapi. Simu zake zilikuwa zimekatwa, kamanda hayupo, usiku ukapita.

Mashambulizi yalikuja usiku wa tarehe 22, ya watu walioamua kufa. Tarehe 23 mchana ikaisha. Saa 76 kwa jumla. Wamarekani kiasi cha 1,000 walikuwa wameuawa na zaidi ya 2,000 kujeruhiwa. Wajapani waliotekwa hai walikuwa 17 peke yao. Wakorea 129. Upo mnara wa Wakorea hapa Betio, mdogo, na nilifurahi kuukuta.

Shoup alipata Nishani ya Heshima na baadaye akawa mkuu wa Marine wote. Waliopewa nishani hiyo kwa vita hii ni wanne, yeye ndiye pekee aliyeipokea akiwa hai. Luteni William Deane Hawkins, aliyeongoza kikosi kidogo kusafisha gati kabla ya watu wengine kugusa ufuo, alijeruhiwa, akakataa kuondolewa, akaendelea kurusha mabomu ya mkono kwenye mahandaki mpaka risasi ikamaliza kazi. Kiwanja cha ndege walikipa jina lake.

Jumanne, makaburi

Serahangi alitaka twende kwanza kwa wale 22. Oktoba 1942, mwaka mmoja kabla ya Wamarekani, Wajapani waliwaua hapa Betio watu 22: walinzi wa pwani 17 kutoka New Zealand, waliokuwa wakitazama bahari na kupeleka habari kwa redio, na raia watano. Majina yao yapo kwenye jiwe. Serahangi huwa anapitisha mkono juu yake kila akipita, alivyofundishwa na baba yake.

Makaburi ya askari wa Marine ni kisa kirefu na cha kuudhi. Siku zile za joto maiti zilizikwa haraka, kila kikosi kilipoangukia, kwenye mitaro iliyochimbwa na katapila. Baadaye wahandisi wa jeshi la majini walipokuwa wakipanua kiwanja waliona makaburi hayapendezi. Wakayapanga upya: misalaba myeupe, mistari iliyonyooka, uzio. Ila walihamisha misalaba, hawakuhamisha wafu. Kikosi cha kukusanya maiti kilipokuja mwaka 1946 kilichimba chini ya misalaba kikakuta mchanga. Karibu nusu ya wafu hawakuonekana, na mwaka 1949 jamaa zao wakaandikiwa kwamba hawatapatikana.

Kumbe walikuwa hapa wakati wote. Watu wakichimba choo, wakichimba shimo la takataka, wakichimba msingi, wanakuta kofia ya chuma, buti, kisha mfupa. Mwaka 2015 taasisi ya History Flight, inayotafuta wanajeshi waliopotea, iliupata mtaro uliojulikana kama Makaburi namba 27, karibu na Red 3, chini ya eneo ambalo watu wamelitumia kwa miaka bila habari. Walikuwamo zaidi ya 30, wamelazwa bega kwa bega kama walivyowekwa. Mmojawao alikuwa Luteni Alexander Bonnyman, aliyeongoza kupanda handaki kubwa la mchanga tarehe 22 na kufia juu yake. Walimtambua kwa dhahabu ya meno. Mjukuu wake alikuwepo shimoni. Septemba mwaka huohuo wakamzika Knoxville, kwao Tennessee.

Jirani mmoja wa serahangi alifanya kazi ya kuchimba na timu hizo. Nilimwomba anionyeshe inavyofanyika, akachukua mwiko mdogo wa kujengea akakwangua mchanga uani kwake, tabaka nyembamba, akaupeleka kwenye chekeche. Mchanga wa tumbawe ni mweupe, mfupa unakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kitufe cha shaba kinaacha doa la kijani hata kikiwa kimeisha. Ukiona kijani unaweka mwiko chini, unashika brashi. Alisema mwanzoni alikuwa anaogopa, anaomba kabla ya kuanza. Sasa anaomba akimaliza. Na nguruwe wa mwenye kiwanja inabidi walipiwe zizi jipya kabla ya kuchimba chini ya zizi la zamani, mazungumzo ambayo, alisema, huchukua muda kuliko kuchimba kwenyewe.

Ukiniuliza mimi, huyu jirani na chekeche lake ndiye anayewakumbuka wale vijana kuliko jiwe lolote nililopigwa nalo picha wiki hii.

Jumatano, Bonriki

Basi la asubuhi, mvua, foleni ya mizigo iliyojaa samaki kwenye visanduku vya barafu.

Jana usiku tulibishana na serahangi mpaka saa sita, na mada ilikuwa mpishi. Siku moja baada ya vita kwisha Betio, alfajiri ya tarehe 24 Novemba, nyambizi ya Kijapani iliipiga torpedo manowari ya kubeba ndege Liscome Bay, kaskazini karibu na Makin, iliyokuwa ikisaidia operesheni hiihii. Bomu lilifika kwenye ghala la mabomu yake yenyewe. Walikufa watu 644. Mmoja wao alikuwa Doris Miller, mtu mweusi kutoka Waco, Texas, mpishi wa daraja la tatu. Huyu ndiye aliyekuwa mtumishi wa meza kwenye manowari West Virginia siku Wajapani walipoishambulia Pearl Harbor, akambeba kapteni wake aliyejeruhiwa, kisha akashika bunduki kubwa ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufundishwa, kwa kuwa weusi katika jeshi lile la majini walikuwa wa jikoni na mezani. Alipewa nishani ya Navy Cross, mweusi wa kwanza kuipata, kisha akarudishwa jikoni. Kati ya waliotembea juu ya mwamba wa Betio hakukuwa na askari weusi wa Marine. Marine walikuwa wameanza kuwapokea mwaka uliotangulia tu, tena kwa kuwatenga.

Serahangi anasema Miller si wa Tarawa, ni wa Makin, nisichanganye. Mimi nasema operesheni ni moja, bahari ni moja, na mwaka 2020 Wamarekani wenyewe walitangaza kwamba manowari yao mpya ya kubeba ndege itapewa jina lake, jina la mpishi, kwa hiyo wao wamekwisha kuamua. Akasema nimeshinda kwa sababu ni mgeni.

Tumekubaliana kwamba timu ya kuchimba ikirudi ataniandikia, na kwamba nikija tena nije na iliki, ya Tanga, siyo ile ya madukani.